Kitabu Kikirudi, Jina Lifutwe

Karibu kila anayezungumzia kanuni za kuazima vitabu katika maktaba zetu za umma huanzia mahali pamoja: vitabu ni haba, wasomaji si wote waaminifu, kwa hiyo maktaba lazima imjue mwanachama wake nje ndani na ihifadhi kumbukumbu ya kila alichoazima. Hoja hiyo huongezewa ya pili, inayotolewa kama neno la busara lisilo na mjadala: asiye na kosa hana cha kuficha. Zikishikana, hoja hizi mbili zimekuwa sera hata pale ambapo hakuna aliyeiandika. Fomu ya uanachama inadai jina kamili, namba ya kitambulisho, mahali pa kazi, simu na mdhamini. Kompyuta ya dawatini, isipoamriwa vinginevyo, inaendelea kuorodhesha kitabu baada ya kitabu chini ya jina la msomaji, hata miaka mingi baada ya vitabu hivyo kurudi rafuni na kuazimwa na wengine. Nasema kwamba hoja ya kwanza ina ukweli nusu, ya pili haina ukweli wowote, na kuziunganisha kumetuzoesha kukubali jambo ambalo uazimaji hauna haja nalo. Maktaba ina haki ya kujua kitabu chake kiko kwa nani. Haina haki ya kuendelea kukumbuka kilikuwa kwa nani.

Tuanze na mali yenyewe, maana hapo ndipo watetezi wa kumbukumbu wanapojiona wamesimama imara. Kabla ya kompyuta, maktaba nyingi za Uingereza na za nchi zilizotawaliwa na Waingereza ziliazimisha kwa utaratibu uliopewa jina la Nina Browne, mkutubi wa Marekani wa mwishoni mwa karne ya 19. Mwanachama alikuwa na vifuko vidogo vya karatasi ngumu vyenye jina lake, vingi kadiri ya vitabu alivyoruhusiwa kuchukua. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake, yenye namba, jina la mwandishi na jina la kitabu. Siku ya kuazima, mkutubi alichomoa kadi ndani ya jalada, akaitia katika kifuko cha msomaji, akagonga muhuri wa tarehe ya kurudisha, kisha akakipanga kifuko ndani ya trei nyuma ya tarehe hiyo. Kitabu kikichelewa, trei ilionyesha mara moja ni kitabu gani na kiko kwa nani. Kikirudi, kadi ilirudi kitabuni, kifuko kikarudi mkononi mwa msomaji, na tangu dakika hiyo hapakuwa na karatasi yoyote ndani ya jengo iliyounganisha jina la mtu na jina la kitabu. Utaratibu huo haukubuniwa kwa ajili ya faragha. Ulipendwa kwa sababu ulikuwa mwepesi na haukuhitaji daftari. Lakini ulitumika kwa miongo mingi katika maktaba maskini na tajiri, na maktaba hizo ziliweza kudai vitabu vyake. Anayesema leo kwamba bila historia ya kudumu ya msomaji vitabu vitapotea, anatakiwa kueleza ilikuwaje trei ya mbao ikatosha.

Na tukitazama vitabu vinavyopotea kweli, hoja hiyo inazidi kudhoofika. Anayeiba kitabu hapiti dawatini. Anakiingiza ndani ya koti au anakitupa dirishani, na jina lake haliandikwi popote. Anayechana kurasa za kitabu cha marejeo chumbani mwa kusomea haachi alama kwenye kompyuta ya kuazimisha. Kumbukumbu ndefu inawakamata waaminifu peke yao, wale waliojiandikisha, wakaazima, wakarudisha kwa tarehe. Nakubali jambo moja: uharibifu huweza kugunduliwa siku chache baada ya kitabu kurudi, na ni haki maktaba imjue aliyekuwa nacho mwisho. Basi jina la huyo wa mwisho libaki wiki mbili, muda wa mkutubi kukikagua kitabu, kisha liondoke. Takwimu nazo hazina tabu. Anayepanga bajeti anahitaji kujua kitabu fulani kiliazimwa mara ngapi mwaka huu. Hahitaji kujua waliokiazima ni akina nani. Hesabu ya vitabu na orodha ya watu ni mambo mawili yaliyowekwa chungu kimoja kwa uvivu tu.

Uvivu huo una gharama inayoweza kuchelewa nusu karne. Mwaka 2015 gazeti la Kobe Shimbun la Japani lilichapisha picha za kadi za vitabu kutoka maktaba ya shule ya sekondari aliyosoma mwandishi Haruki Murakami katika miaka ya 1960. Vitabu hivyo vilikuwa vikiondolewa rafuni kwa uchakavu, na kadi zilikuwa bado zimo ndani, zikiwa na majina ya wanafunzi yaliyoandikwa moja chini ya jingine kila mmoja alipoazima. Jina la Murakami lilionekana kwenye kazi za Mfaransa Joseph Kessel. Gazeti lilijitetea kwamba ni mtu mashuhuri na kwamba watafiti wangependa kujua alivyokuzwa na vitabu. Chama cha Maktaba cha Japani kililaumu kitendo hicho, nacho kilikuwa na msingi wa kusimamia: azimio lake la uhuru wa maktaba, la 1954 na likarekebishwa 1979, linaahidi kulinda siri za msomaji. Nchi hiyo ilikuwa imepitia zama ambazo polisi walifuatilia fikra za raia, na wakutubi wake hawakutaka kurudi huko. Wengi watasema kisa hiki ni kidogo, Kessel hamtii mtu aibu. Ni kweli, kwa Murakami. Lakini kadi hizo zilikuwa na majina ya wanafunzi wengine pia, watu wasio mashuhuri ambao hakuna mtafiti anayewahitaji, na walichosoma walipokuwa vijana kikawekwa gazetini bila wao kuulizwa. Kadi haikuchagua nani afichuliwe. Ilihifadhi kila jina kwa sababu hakuna aliyewahi kuipa siku ya kufa.

Sasa ile kauli ya asiye na kosa. Kauli hii inachukulia kwamba kosa ni kitu kisichohama: linalokatazwa leo ndilo lililokatazwa jana na litakalokatazwa kesho. Historia yetu ya karibu inasema vingine. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 1977 polisi waliingia nyumbani kwa mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o, Limuru, wakapekua rafu zake na kuondoka na vitabu pamoja na mwenye vitabu, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 mwanahistoria Maina wa Kinyatti alihukumiwa miaka sita jela kwa kupatikana na andiko lililoitwa la uchochezi. Mwaka 1986, katika msako dhidi ya kundi la siri la upinzani lililoitwa Mwakenya, mashtaka ya kuwa na machapisho ya aina hiyo yalipeleka Wakenya wengine gerezani. Baadhi ya maandishi yaliyowaponza watu miaka hiyo leo husomwa hadharani na kufundishwa. Orodha ya waazimaji haijui ni serikali gani itakayoisoma. Mkutubi mwema wa leo anaiandika bila nia mbaya, na anayeifungua baada ya miaka kumi anaweza kuwa mtu ambaye mkutubi huyo asingemkaribisha mlangoni. Kumwambia msomaji asiwe na wasiwasi kwa kuwa hana kosa ni kumtaka amdhamini mtawala asiyemjua bado.

Asidhani mtu kwamba hili ni la tawala za chama kimoja tu. Marekani, nchi inayojisifu kwa uhuru wa kusoma, ilijifunza kwa kuumia. Mwaka 1970 maofisa wa kodi wa serikali kuu walifika katika maktaba ya umma ya Milwaukee kutaka majina ya walioazima vitabu vya milipuko. Maktaba ilikataa kwanza, kisha mwanasheria wa jiji akasema ni kumbukumbu za umma, ikatii. Ghadhabu iliyofuata ndiyo iliyokifanya Chama cha Maktaba cha Marekani kutoa sera ya usiri wa kumbukumbu za wasomaji, na jimbo la Florida likawa la kwanza kutunga sheria mwaka 1978. Leo majimbo 48 yana sheria za namna hiyo. Hata hivyo, katika miaka ya 1980 shirika la upelelezi la FBI liliwaendea wakutubi wa New York na kuwataka waripoti wasomaji kutoka Umoja wa Kisovieti na washirika wake. Wakutubi walipopinga hadharani, FBI ilifanya uchunguzi wa majina 266 ya watu waliohusiana na mjadala huo, wakiwemo waliokosoa tu. Shaka iliyomwangukia msomaji mgeni iliishia kwa mkutubi aliyemtetea.

Kisa cha Connecticut kinanigusa zaidi, kwa sababu kinaonyesha jinsi kumbukumbu inavyoweza kumfunga mdomo anayeitunza. Mwaka 2005 FBI iliutumia barua ya usalama wa taifa ushirika wa maktaba uitwao Library Connection, ikidai taarifa za waliotumia kompyuta za maktaba katika muda wa dakika 45 za siku moja ya Februari mwaka huo. Barua ya aina hiyo hutolewa bila hakimu. Ilikuja pia na amri ya kunyamaza: wakutubi wanne waliohusika hawakuruhusiwa kumwambia mtu yeyote kwamba wameipokea. Walikwenda mahakamani bila majina yao kutajwa. Wakati huohuo Bunge la Marekani lilikuwa likijadili kurefusha sheria iliyopanua madaraka hayo, na watu wanne waliojua kwa hakika kwamba madaraka hayo yametumika dhidi ya maktaba hawakuweza kusimama na kusema. Amri ya kunyamaza iliachiliwa mwaka 2006, sheria ikiwa imeshapita, na baada ya wiki chache serikali ikaliacha dai lenyewe. Taarifa isiyokuwepo haiwezi kumweka mkutubi katika hali hiyo. Ndiyo maana mwaka 2003, kabla ya kisa hicho, maktaba za Santa Cruz, California, ziliamua kuchana karatasi zenye taarifa za wasomaji kila siku na kubandika ukutani tangazo la kuwaonya wasomaji juu ya madaraka mapya ya wapelelezi.

Lakini serikali si mkono pekee unaoifikia orodha, na kwa wasomaji wetu wengi huenda si mkono wa karibu zaidi. Mkono wa karibu ni wa mdhamini. Mdhamini mara nyingi ni mwajiri, mwalimu mkuu, mzazi au kiongozi wa mtaa. Kitabu kikichelewa, taarifa inamwendea, na ikiwa ina jina la kitabu, maktaba imemwambia mwajiri kwamba mfanyakazi wake anasoma sheria ya kazi, au imemwambia mwalimu mkuu kwamba binti wa kidato cha tatu ameazima kitabu kuhusu mimba. Tanzania iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi shule mwaka 2021 tu. Kabla ya hapo, kitu kidogo kama hicho kikifika ofisini kilitosha kuanzisha maswali ambayo mwanafunzi asingeweza kuyamaliza. Ujumbe wa simu nao hauna usalama. Simu katika nyumba nyingi hushikwa na yeyote aliye karibu nayo, na mume, kaka au shangazi anaweza kuusoma kabla ya mwenyewe. Mke anayetafuta kujua haki zake katika talaka, kijana anayesoma kuhusu virusi vya UKIMWI kabla ya kwenda kupima, Mwislamu anayesoma Biblia au Mkristo anayesoma tafsiri ya Kurani kwa kutaka kuelewa jirani yake: hakuna kati yao aliye na kosa, na kila mmoja ana sababu nzuri ya kutotaka jina la kitabu litangulie kufika nyumbani. Ujumbe unaweza kusema kwamba kuna kitabu kimoja kilichopita tarehe, kirudishwe. Mdhamini anahitaji kujua thamani ya deni. Jina la kitabu halimhusu.

Hapa nasikia pingamizi la wazazi, nalo si la kupuuzwa. Mtoto wa miaka minane hasomi peke yake; mzazi ana wajibu wa kujua anachosoma, na maktaba isijifanye mlezi. Sipingi hilo. Ninachosema ni kwamba wajibu huo unatimizwa nyumbani na kwenye rafu, mzazi akikaa na mtoto na kukitazama kitabu alichokileta. Orodha iliyochapwa na kompyuta na kupelekwa kwa mzazi bila mtoto kujua ni jambo jingine, na kwa kijana wa miaka 16 au 17 humfundisha kitu kimoja tu: asiazime. Kijana aliyeacha kuazima haachi kutafuta majibu. Anayatafuta kwa wenzake na mitandaoni, mahali ambapo hakuna mkutubi wa kumwelekeza kwenye kitabu kilicho bora.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama. Kenya, nchi iliyozika watu waliouawa na magaidi huko Westgate mwaka 2013 na wanafunzi waliouawa Garissa mwaka 2015, ina haki ya kuuliza kwa nini taarifa yoyote inayoweza kusaidia ifutwe. Swali hilo linastahili jibu kamili. Kwanza, sisemi kwamba polisi wafungiwe mlango. Kitabu kikiwa bado mikononi mwa mtu, kumbukumbu yake ipo, na amri ya mahakama inaweza kuifikia. Hakimu akiona kuna sababu ya kumfuatilia mtu fulani, anaweza kuamuru kumbukumbu zake zitunzwe tangu siku hiyo. Pili, orodha ya waliosoma kitabu haisemi walikisomea nini. Kitabu cha kemia ya milipuko husomwa na mwanafunzi wa chuo, mchimbaji wa mawe, mwandishi wa riwaya na mwandishi wa habari anayejaribu kueleza shambulio lililotokea. Vitabu vya itikadi kali husomwa pia na wanaopambana nazo: watafiti, maimamu, walimu, wazazi walioanza kumwona mtoto anabadilika. Huyo mzazi ndiye atakayeogopa kuazima akijua jina lake linabaki. Anayepanga mauaji hana sababu ya kujaza fomu yenye picha na namba ya kitambulisho ili apate kitabu. Kwa hiyo hatua inayodaiwa kumnasa muuaji inamfukuza mtu ambaye angeweza kumzuia.

Wapo wanaosema faragha ni wazo la kuletwa, na kwamba jamii zetu huishi wazi, kila mtu akijua ya mwenzake. Nadhani wanaosema hivyo hawajaitazama vizuri nyumba ya Mswahili wa pwani. Baraza iko nje, na anayepita anakaribishwa kuketi, kunywa kahawa na kuzungumza. Lakini haingii ndani bila hodi, na hata akiitikiwa karibu kuna vyumba ambavyo hatavifikia. Ukarimu na sitara vimejengwa katika nyumba moja na wala havigombani. Kuchungulia nyumba ya mtu ni aibu kwa anayechungulia, na watu hawaulizi kwanza kama mwenye nyumba ana kosa. Jamii hizo hizo ziliwaamini wakunga, waganga na makadhi kwa mambo mazito ya familia, na heshima yao ilitegemea mambo hayo kubaki kwao. Mkutubi anayenyamaza kuhusu alichoazima jirani anaendeleza desturi tuliyokuwa nayo kabla ya maktaba.

Sheria zetu nazo zimeshafika mahali ambapo kanuni nyingi za maktaba hazijafika. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamkinga mtu dhidi ya kudaiwa au kufichuliwa habari zake binafsi bila ulazima, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeweka taratibu zake. Katiba ya Tanzania inalinda faragha katika ibara ya 16, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi na zisitunzwe kwa muda unaozidi lengo hilo. Lengo la kumbukumbu ya kuazima ni kitabu kirudi. Kikisharudi, lengo limekwisha, na sioni ni kwa hoja gani ya kisheria orodha hiyo itaendelea kuwepo. Lakini sheria hizi pia zina milango ya dharura kwa ajili ya usalama wa taifa, na tumeona huko Connecticut jinsi mlango wa aina hiyo unavyotumika. Ndiyo maana sitosheki na ahadi kwamba orodha itatunzwa vizuri. Kufuta kuna nguvu kuliko kulinda.

Atakayejibu kwamba maktaba zetu hazina fedha wala wataalamu wa kufanya hivyo aangalie programu ambayo maktaba nyingi tayari zinayo. Koha, programu huria iliyoanzia New Zealand na inayotumika leo katika maktaba nyingi za Afrika Mashariki, ina mpangilio wa faragha ndani yake. Mkutubi anaweza kuipangia kazi ya usiku inayopitia vitabu vilivyorudishwa zaidi ya siku fulani zilizopita na kuondoa jina la msomaji, huku hesabu ya uazimaji ikibaki. Msomaji naye anaweza kupewa nafasi ya kuchagua historia yake ihifadhiwe daima, kwa muda wa kawaida au isihifadhiwe kabisa. Hakuna leseni ya kununua. Vitabu vya kielektroniki ndivyo vitakavyotutia taabu zaidi, maana huko mtunza kumbukumbu ni kampuni: mwaka 2014 iligundulika kwamba programu ya kusomea ya Adobe, iliyotumiwa na wasomaji wa maktaba nyingi, ilikuwa ikituma kwa kampuni taarifa za vitabu na kurasa walizofungua, bila hata kuzificha njiani. Maktaba itakayosaini mkataba wa vitabu hivyo bila kipengele cha kufuta itakuwa imewauza wanachama wake kabla ya kuwaazimisha ukurasa wa kwanza.

Wapo wasomaji wanaopenda kuona walichosoma zamani, na watafiti wanaorudi kwenye kitabu wasichokumbuka jina lake. Hao waulizwe, na wakitaka wahifadhiwe. Asiyejibu chochote ahesabiwe kuwa amesema hapana. Hili halihitaji kurudi bungeni. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ilianzishwa kwa sheria ya 1963, na mwenzake wa Kenya kwa sheria ya 1965. Kupanga namna vitabu vinavyoazimishwa ni kazi yao ya kila siku. Waraka mmoja kwa matawi yote unaweza kusema kwamba jina la mwazimaji liondolewe siku ya 15 baada ya kitabu kurudi, kwamba taarifa ya kuchelewa isitaje jina la kitabu, kwamba mdhamini aelezwe deni peke yake, na kwamba ofisa yeyote anayetaka kumbukumbu ya msomaji aje na amri ya mahakama, aionyeshe kwa mkuu wa maktaba badala ya kijana wa dawatini. Orodha zilizorundikana hadi leo, za kwenye kompyuta na za kwenye makabati, ziwekewe tarehe ya kuteketezwa, na tarehe hiyo itangazwe kwa wanachama.